Bingwa wa mbio aliyefungua ranchi ya vijana walioshindikana: nini hasa kiliwabadilisha?

#1 Kiatu cha Misumari

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa nikifuatilia wakimbiaji wa maili wa enzi zile, nikamkuta Glenn Cunningham wa Kansas, Marekani. Utotoni aliungua miguu vibaya sana, madaktari wakashauri ikatwe. Haikukatwa. Mwaka 1934 akaweka rekodi ya dunia ya maili pale Princeton, dakika 4 na sekunde 6.7. Berlin 1936 akachukua dhahabu ya mita 1500.

Lakini kilichonifanya nianzishe uzi ni alichofanya baada ya mbio. Mwaka 1947 yeye na mkewe Ruth walianza kupokea watoto kwenye ranchi yao huko Cedar Point, Kansas. Watoto waliowashinda wazazi, walimu na mahakama. Walikaa na kazi hiyo miaka kama thelathini, na inatajwa kwamba vijana karibu 10,000 walipita mikononi mwao.

Naomba tujadili: nini kilikuwa kinawabadilisha? Msimamo wangu ni kwamba ni wanyama. Pale mtoto alikabidhiwa mnyama amtunze, hasa farasi. Ukijua kuna kiumbe hakitakula mpaka wewe uamke, unaanza kujiona mtu unayehitajika. Na Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Tunashindwa wapi?

#2 Ngosha wa Takwimu

Mleta uzi, hakuchukua dhahabu Berlin. Alichukua fedha. Dhahabu ilikwenda kwa Jack Lovelock wa New Zealand, 3:47.8, rekodi ya dunia. Cunningham alimaliza kwa 3:48.4, na muda huo nao ulikuwa chini ya rekodi iliyokuwepo kabla ya mbio hizo. Yaani alivunja rekodi ya dunia akiwa nyuma ya mtu. Mwaka huohuo, Stockholm, akaweka rekodi ya mita 800, 1:49.7. Los Angeles 1932 alikuwa wa nne.

#3 Mama Neema

Aliunguaje huyo mtoto? Nyumbani?

#4 Ngosha wa Takwimu

Shuleni, mama. Ilikuwa 1917, shule ndogo ya kijijini yenye jiko la kupashia darasa joto. Yeye na kaka yake Floyd walifika mapema kuliwasha. Kwenye kopo lililozoeleka kuwa la mafuta ya taa kulikuwa na petroli. Moto ukalipuka. Floyd alifariki. Glenn alipoteza nyama za magoti na miundi, na vidole vya mguu wa kushoto. Hakuwa amefika hata miaka kumi.

#5 Mtoto wa Mbezi

Kumbe wachakachuaji wapo tangu zamani!

#6 Ngosha wa Takwimu

Hapana mkuu, hakuna aliyechakachua. Mafuta yalikosewa chombo. Hao wachakachuaji ni wetu wenyewe wa miaka ile hadi serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, tusiwagawie Wamarekani.

#7 Mbeba Boksi Wichita

Salaam wote. Nipo Kansas, Cedar Point si mbali na kwangu, mwendo wa saa moja na ushee kwa gari. Kijiji kidogo, ukipiga chafya umeshapita. Eneo linaitwa Flint Hills, vilima vya nyasi ndefu mpaka macho yachoke. Udongo ni mwembamba, chini ni mawe magumu, ndiyo maana plau hazikuwahi kulishinda. Likabaki la ng'ombe.

Kuna jambo nalifikiria kila nikipita huko. Majira ya kuchipua wenye ranchi huchoma nyasi makusudi ili malisho mapya yaote. Usiku unaona mistari ya moto vilimani, moshi unafika mjini. Mtu aliyeunguzwa na moto akiwa mtoto alichagua kulea watoto kwenye nchi inayochomwa kila mwaka. Sijui aliwaambia nini wale vijana walipouona moto ule, lakini natamani ningesikia.

Kuhusu swali, mimi nasema ni umbali. Kijana wa mjini ukimtoa kwenye kijiwe chake, ukampeleka mahali ambako jirani yuko maili mbili na hakuna wa kumwonyesha ubabe, nusu ya ukorofi inakosa hadhira.

#8 Sauti ya Nyika

Nampinga Kiatu na nampinga Mbeba Boksi. Si farasi wala umbali. Ni miguu ya yule mzee.

Jamani, fikirieni kijana wa miaka kumi na nne amezoea kuambiwa na watu wasafi wenye suti kwamba "ukijitahidi utafanikiwa". Hawasikilizi. Halafu anakutana na mtu mwenye makovu ya moto miguuni, ambaye miguu yake ilikuwa na mzunguko mbovu wa damu kiasi kwamba kabla ya kila shindano alipasha mwili muda mrefu kuliko wenzake wote. Mwenyewe alisimulia kwamba baada ya ajali kutembea kulimuuma, kukimbia hakukumuuma, basi akawa anakimbia kila anakokwenda. Mtu huyo akikuambia amka, unaamka. Ng'ombe tunao, kweli. Watu wa namna hiyo waliokubali kukaa na watoto ndio hatuna.

#9 Chebet Eldy

Hatuna aje? Mmesahau Kipchoge Keino? Huku kwetu Eldoret kila mtu anajua ile story, yeye na mama Phyllis wamelea watoto kwao tangu miaka ya sabini, wakiwa bado vijana wenyewe. Wakanunua shamba, wakaliita Kazi Mingi. Baadaye wakajenga shule, ya msingi kisha sekondari. Rio 2016 kamati ya Olimpiki ikampa tuzo ya Olympic Laurel, wa kwanza kabisa kuipata duniani, na ilikuwa kwa sababu ya hiyo kazi, si kwa medali.

Mzee alipoteza mamake akiwa mdogo. Kwa hivyo hoja ya Sauti ya Nyika naikubali nusu: aliyeumia anajua kulea aliyeumia. Ile nusu ya "hatuna" naikataa.

#10 Ngosha wa Takwimu

Chebet, Keino namheshimu, ila tusichanganye. Watoto wa Keino wengi walikuwa yatima na waliotelekezwa. Wa Cunningham walikuwa wengi wao watukutu, wengine tayari wana kesi. Malezi ya makundi haya mawili yanaingiliana lakini si kitu kimoja.

#11 Chebet Eldy

Na huyo mtukutu alianza vipi, Ngosha? Mara nyingi mtukutu ni yatima ambaye wazazi wake wako hai.

#12 Mtoto wa Mbezi

Chebet kamaliza. Ngosha rudi kwenye saa zako.

#13 Ngosha wa Takwimu

Narudi, na saa hizi zina undugu na uzi. Mexico 1968, Keino alimpiga nani kwenye 1500? Jim Ryun, mtoto wa Wichita, Kansas, aliyesoma chuo kilekile cha Kansas alichosoma Cunningham. Keino alikuwa na maumivu makali ya nyongo, basi likakwama kwenye foleni, akashuka akakimbilia uwanjani. Ben Jipcho akamvutia kasi mwanzoni. Keino 3:34.9, Ryun nyuma kwa mita kama ishirini.

Halafu rekodi za Ryun zikavunjwa na nani? Filbert Bayi. Christchurch 1974, mita 1500, 3:32.2. Kingston 1975, maili, 3:51.0, sehemu moja ya kumi tu chini ya Ryun. Naye Bayi alipomaliza mbio akaenda kwenye watoto: ana shule Kimara na Kibaha. Kansas, Nandi na Karatu zimefungana kamba.

#14 Mbeba Boksi Wichita

Nikiwatajia Bayi Wamarekani wa huku wanaopenda riadha, wazee wanasimama kabisa kuongea. Hapa kazini kuna mmoja anamkumbuka kuliko sisi tunavyomkumbuka nyumbani.

#15 Ostadh wa Chuda

Assalam aleykum. Mnazunguka mbali. Someni habari zake vizuri: Cunningham alikuwa mtu wa dini kwelikweli. Aya aliyoipenda ni Isaya 40:31, ile ya kupanda kwa mbawa kama tai na kupiga mbio bila kuchoka. Hakunywa pombe, hakuvuta sigara, na alizunguka akihubiri dhidi ya vyote viwili. Mimi si Mkristo lakini naona wazi: mtoto aliyepotea anahitaji saa zake zipangwe na kitu kikubwa kuliko hasira za baba yake.

Huku pwani wazee wetu walijua. Mtoto akishindikana Tanga anapelekwa kwa mwalimu shamba, anaamka alfajiri, anasoma, analima, analala. Wengi walirudi watu.

#16 Mtoto wa Mbezi

Ostadh, na wengine walirudi na alama za bakora mgongoni. Mimi naongea kama niliyepelekwa. Sitaji wapi. Kuamka alfajiri nilijifunza, na nashukuru. Lakini hofu niliyotoka nayo ilinichukua miaka kuitua.

#17 Ostadh wa Chuda

Pole sana kijana wangu, nasema kwa dhati. Aliyekupiga hivyo hakuwa akifundisha dini.

#18 Afisa Ustawi Mstaafu

Nimesoma kimyakimya, niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo maana ndiyo kazi niliyoifanya.

Kwanza ile 10,000. Ukigawa kwa miaka thelathini unapata zaidi ya mia tatu kila mwaka. Familia moja haiwezi kulea watoto mia tatu wapya kila mwaka kwa maana ya kulea tunayoijua sisi. Wengi lazima walikaa muda mfupi, likizo au miezi kadhaa, wachache wakakaa miaka. Hilo halipunguzi kazi yake, ila linabadilisha swali. Tusiulize tu nini kiliwabadilisha. Tuulize ni nani alibaki amebadilika alipokuwa na miaka thelathini. Kwenye taaluma yetu mtoto akiwa ndani ya taasisi karibu kila njia inafanya kazi. Mtihani ni siku anaporudi mtaa uleule, kwa baba yuleyule, wenzake walewale wanamsubiri kona ileile.

Pili, hapa kwetu si kwamba hakuna kitu. Kuna Shule ya Maadilisho Irambo, Mbeya, mtoto anapelekwa kwa amri ya mahakama. Kuna mahabusu za watoto kwenye mikoa kadhaa. Kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Zipo kwenye karatasi na zipo kwa majengo. Lakini nimewahi kumsindikiza mtoto umbali wa siku nzima kwa basi, akiwa ametulia kabisa njiani, ananiuliza majina ya milima. Tulipofika alipokewa na mtu ambaye hakunyanyua hata uso kutoka kwenye daftari. Nilimwona yule mtoto anajifunga palepale, kama mlango. Hakuna sheria iliyovunjwa siku ile. Taratibu zote zilifuatwa.

Kwa hiyo Kiatu, farasi wako nawakubali kwa sababu hiyo tu: farasi ananyanyua kichwa mtoto akiingia.

#19 Kiatu cha Misumari

Afisa, shikamoo. Umenipa hoja nzuri kuliko niliyokuja nayo.

#20 Sauti ya Nyika

Marahaba atajibu mwenyewe, lakini nami nimeguswa na #18. Hata hivyo bado naona mliyemwelezea anayekosekana ni mtu, si mnyama. Yule wa kwenye daftari angenyanyua uso, tungehitaji farasi wa nini?

#21 Halima wa Minnesota

Niwatahadharishe kabla hamjaanza kuchangishana. Hili neno ranchi ya vijana huku Marekani limekuwa biashara kubwa. Mzazi anayehaha analipa maelfu ya dola kwa mwezi, mtoto anachukuliwa usiku na watu asiowajua, anapelekwa jangwani au milimani. Paris Hilton ameeleza hadharani mateso aliyopitia akiwa kijana kwenye taasisi za aina hiyo, akafika hadi mbele ya wabunge, na Desemba 2024 ikasainiwa sheria ya shirikisho ya kufuatilia unyanyasaji wa watoto kwenye taasisi.

Na sisi wahamiaji tuna ya kwetu. Wasomali wanaita dhaqan celis: mtoto wa Minneapolis au London akianza mambo, anaambiwa twende tukasalimie ndugu Nairobi au Mogadishu, akifika anafungiwa kituoni na pasi inachukuliwa. Nimeongea na mabinti waliopitia. Cunningham simjui kwa ubaya wowote, lakini mbali na macho ya watu ndiko mazuri na mabaya yote yanakofanyika. Mbeba Boksi, huo umbali unaousifia #7, fikiria tena.

#22 Mbeba Boksi Wichita

Nimekuelewa dada Halima. Ila tofauti moja: hao wa biashara hawalei watoto wao mahali palepale. Cunningham alikuwa na watoto kumi na wawili, wawili wa ndoa ya kwanza na kumi kwa Ruth, na hao wa Ruth wamekulia kwenye ranchi hiyohiyo na hao wageni. Mtu hafanyi unyama mbele ya sahani ya mwanawe.

#23 Halima wa Minnesota

Wapo wanaofanya, kaka. Ila hoja ya watoto wake naipa uzito.

#24 Mama Neema

Sasa mmefika ninapopataka. Posti ishirini na tatu, Ruth katajwa mara ngapi? Watoto kumi aliowazaa, na kundi lingine mezani. Mzee yuko safarini anatoa hotuba ili fedha ipatikane, maana ranchi iliendeshwa kwa jasho lao na michango. Nani alibaki na hao watukutu saa mbili usiku mmoja anapogoma kula? Nani alifua? Nani alijua yupi ana homa na yupi anasingizia?

Na kwa Keino ni vilevile, Chebet amemtaja mama Phyllis mara moja tukapita. Mimi jibu langu ni hilo. Kilichowabadilisha ni kuwepo kwa mwanamke mmoja ambaye hakuondoka.

#25 Chebet Eldy

Mama Neema, hapo umegonga. Hata huku watu wa mtaa wakieleza, wazee husema "kwa mama Keino".

#26 Binti Kongwa

Nimechelewa. Mimi nimekulia jirani na ranchi ya taifa ya Kongwa, mambo ya ng'ombe nayajua. Mdogo wetu wa mwisho alitushinda akiwa kidato cha pili, bangi, kuiba simu, hadi polisi wakamzoea. Mjomba akamchukua akachunge. Wiki za mwanzo alitoroka, mjomba akawa hamfuati, anamwachia chakula kibandani tu. Ng'ombe mmoja akashindwa kuzaa usiku, ndama kakaa vibaya. Mjomba mkono wake mnene, wa mdogo wetu mwembamba. Ndama akatoka mzima. Kuanzia siku ile yule kijana hakutoroka tena.

Sasa niambieni, hapo kilichofanya kazi ni nini? Ng'ombe? Mjomba? Kile chakula cha kibandani? Nimejiuliza miaka yote na kila mmoja nyumbani ana jibu lake. Mwenyewe nikimuuliza anacheka, anasema alikuwa amechoka tu kutembea.

#27 Babu Mchunga

Hadithi ya Binti nzuri sana. Lakini nataka kuwapoza wapenda wanyama. Mimi nimechunga tangu nina miaka sita. Wenzangu wote tulichunga. Wapo waliokuwa wezi wa mifugo hodari, wameua watu. Mtoto wa mfugaji, ng'ombe hamfundishi upole, anamfundisha njaa, jua, na kukosa shule wenzake wakiwa darasani. Huyo wa Marekani alipewa farasi kama zawadi ya kuaminiwa. Sisi tulipewa ng'ombe kama mzigo, na akipotea mmoja tunalala porini kwa kuogopa kipigo. Mnyama ni yuleyule, maana yake mbili.

#28 Kiatu cha Misumari

Babu, basi jibu lako wewe ni lipi?

#29 Babu Mchunga

Kuaminiwa. Kumkabidhi mtu mwenye jina la mwizi kitu cha thamani, halafu ukaenda kulala.

#30 Ngosha wa Takwimu

Historia yetu ina mfano wa karibu zaidi, na haukutumia mnyama hata mmoja. Kenya, wakati wa Hali ya Hatari, vijana waliokamatwa wakihusishwa na Mau Mau walipelekwa kambi ya Wamumu, Mwea. Geoffrey Griffin alifanya kazi huko, na mwaka 1959 yeye, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu wakaanzisha kituo na shule ya Starehe, Nairobi, kwa ajili ya watoto wa mitaani. Ilianza kwa vibanda viwili vya mabati. Leo kila mzazi Kenya anatamani mwanawe aingie. Ni katikati ya jiji, hakuna nyasi ndefu wala farasi. Tena wavulana wenyewe walipewa uongozi wa shule. Babu wa #29 anaungwa mkono na Starehe.

#31 Ostadh wa Chuda

Na Starehe wana kanisa na msikiti, usisahau.

#32 Chebet Eldy

Tukiwa hapo kwa Kenya: serikali iko na mpango tangu 2022 wa kupunguza makao ya watoto na kuwarudisha kwa familia ama jamaa. Vituo vipya si rahisi kusajili. Kwa hivyo mtu akisema leo anafungua ranchi kama ya Cunningham, ataulizwa kwa nini huyo mtoto asikae kwa shangazi yake akisaidiwa.

#33 Afisa Ustawi Mstaafu

Na ni swali la haki, Chebet. Marahaba kwa aliyenisalimia juu. Hadithi ya Binti Kongwa ni hiyohiyo: mjomba. Hakukuwa na kibali, hakukuwa na kibao barabarani.

Lakini watoto niliowahudumia, wengi wao huyo mjomba hawakuwa naye. Au walikuwa naye na ndiye waliyemkimbia. Hao ndio Cunningham alifungulia lango, na hao ndio ninaowafikiria mnaposema familia.

#34 Mama Neema

Nami niseme kwa nini nimeng'ang'ania uzi huu. Nina mtoto wa marehemu dada yangu, miaka kumi na tano, shule imemfukuza mara ya pili. Hana ubaya moyoni lakini mikono yake haitulii. Watu wananiambia nimpeleke mbali. Baada ya kusoma #16 na #21 nimeogopa.

#35 Binti Kongwa

Dada, usimpeleke mahali ambako huwezi kufika ghafla bila taarifa. Hilo tu ndilo ninaloweza kusema kwa uhakika.

#36 Afisa Ustawi Mstaafu

Naongezea: nenda kwa afisa ustawi wa kata au wilaya kabla hajapata kesi, si baada. Na muulize mtoto mwenyewe anapenda kushika nini. Injini, mpira, kuku, vyovyote.

#37 Mama Neema

Anapenda pikipiki, ndicho ninachokiogopa zaidi.

#38 Babu Mchunga

Kuna fundi yeyote mwema mtaani kwenu? Mwache ashike spana, asipande. Mwambie fundi amkabidhi ufunguo wa sanduku la vifaa.

#39 Sauti ya Nyika

Fundi mwenye makovu, ikiwezekana.

#40 Mtoto wa Mbezi

Mama Neema uko pande zipi? Kama ni Dar, mimi nina gereji ndogo, naanza saa moja asubuhi. Njoo naye tu, uone mwenyewe mazingira, ukae siku nzima ukitaka.